Ndoo ya Magege kutoka Mbaha

Mwezi uliopita niliulizwa swali ambalo mtoto wa chekechea angelijibu, nami sikulijibu. Mwenyekiti wa jopo la watahini alinisogezea picha iliyomo katika tasnifu yangu mwenyewe, picha niliyoipiga kupitia darubini niliyoiazima kwa kubembeleza. Akaweka ncha ya kalamu katikati yake na kuniuliza, kwa upole wa mtu anayemvusha mgonjwa barabara, "Hapa unaona nini?" Lilikuwa shavu la samaki, na juu ya shavu hilo alikuwapo mnyoo. Masomo yangu yote ya uzamili nilikuwa nimeyatumia kumtafuta mnyoo huyo. Badala ya kumtaja, nilivuta pumzi nikasema kwamba jibu lingetegemea tunakusudia nini tunapotumia neno kuona.

Watahini walitazamana. Mmoja alifunika kalamu yake. Nilipoanza kutofautisha kuona na kutambua, kisha kutambua na kukisia, nilisikia sauti yangu ikipanda, mpaka mwenyekiti akaagiza niketi, niletewe maji. Uamuzi wao ulikuwa kwamba tasnifu haikukataliwa, ila nirudi nyumbani nipumzike, nipunguze sura ya pili, kisha nitokee tena mbele yao. Nilirudi kijijini kwetu Mbaha, kwenye kibaraza cha mama, ziwa likiwa mbele yangu na tasnifu magotini. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiipunguza sura ya pili kwa kuiongezea kurasa.

Haikuwa mara ya kwanza kwa swali hilo kunikuta nimesimama na kuniacha nimekaa. Lilinipata kwanza nikiwa Kidato cha Tano, katika shule moja ya bweni kule juu Mbinga, nilipokuwa nikisoma mchepuo wa Kemia, Biolojia na Jiografia. Na kwa kuwa sasa nina muda mwingi kuliko ninavyouhitaji, nimeona niandike jinsi lilivyonipata, angalau nipate kitu kimoja ambacho nimekiandika hadi mwisho.

Sisi tuliotoka ziwani tulipanda Mbinga na mashati ya mikono mifupi. Kwetu baridi ni jambo la kusimuliwa. Kule juu, asubuhi za kiangazi, ukungu ulishuka juu ya mikahawa ukaingia darasani kabla ya mwalimu, na mwanafunzi wa safu ya nyuma aliweza kusinzia bila kuonekana. Ulikuwa wakati ambao kila mtu alizungumzia soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wamefika na malori yao, na mwenzangu wa dawati, kijana wa kijiji cha Ukata ambaye baba yake aliuza kwa mnunuzi wa namna hiyo, alirudi kutoka likizo moja akiwa amevaa koti la ngozi la mtumba lililoandikwa mgongoni jina la timu ya mchezo ambao hakuna kati yetu aliyeujua. Alilivaa hata bwenini. Nilimwonea wivu kwa sababu ya joto, ingawa mwenyewe nilijiaminisha kwamba nilikuwa nikitafakari tofauti za matabaka.

Maabara nayo ilikuwa imeingia katika soko huria, ila kwa mlango wa nyuma. Waliotutangulia walisimulia kwamba zamani dawa na vyombo vililetwa na gari la serikali. Enzi zetu gari halikuja, na shule ikaambiwa ijitegemee. Trei za kupasulia wanyama zilikuwa masinia ya bati yaliyomiminwa nta ya mabaki ya mishumaa ambayo paroko alituruhusu kuyakusanya kanisani baada ya sikukuu. Visu vilikuwa nyembe. Tulipasua panya wa ghala la mahindi juu ya nta iliyokwisha kuwaka mbele ya altare, na mimi, niliyewahi kutumikia misa, niliwahi kusimamisha somo nikiuliza kama jambo hilo lilihitaji ruhusa ya mtu fulani. Mwalimu alijibu kwamba lilihitaji wembe.

Mwalimu wetu wa Biolojia alitoka Tanga. Alikuwa Mwislamu, mtu wa maneno machache na kanzu safi ya Ijumaa, aliyepangiwa kazi katika wilaya ambayo kila mtu aliamini kwamba atatoroka kabla ya mvua za kwanza. Hakutoroka. Alifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake, akafundisha twisheni alasiri kama walimu wote wa wakati huo, na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia hadi tukaisikia usingizini: chora unachokiona, usichore unachokijua.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoniponza. Mimi nilijua sana. Kitabu cha Biolojia, kile kimoja kilichozunguka darasa zima kwa zamu, nilikuwa nimekihifadhi kichwani hadi na doa la chai lililokuwa kwenye ukurasa wa mfumo wa damu. Siku ya kupasua chura, wenzangu walipokuwa wakitafuta moyo, mimi nilikuwa bado nikijiuliza kama mkono wa kulia wa chura ni ule ulio upande wangu wa kulia au ule ulio upande wake. Nilipolitatua tatizo hilo muda ulikuwa umeyoyoma. Nikachora chura wa kitabuni, chura mzuri sana, nikaweka majina ya viungo vyote kwa Kiingereza safi.

Mwalimu aliinua karatasi yangu mbele ya darasa. Akasema kwamba chura huyu alikuwa na mayai na korodani kwa pamoja. "Ama umegundua kiumbe kipya," akasema, "ama hukumtazama huyu aliyelala mbele yako. Nikuandikie barua ya pongezi, au nikuhamishe?"

Darasa lilicheka. Nilifikiri ni mzaha, mpaka aliponiita ofisini. Huko hakukuwa na mzaha. Aliniambia kwamba maksi zangu za vitendo zilikuwa za mtu ambaye hakuwapo maabarani, na kwamba mtihani wa mwisho haungehurumia kumbukumbu yangu. Baada ya likizo angetoa jaribio la vitendo la samaki. Nikishindwa tena kuchora kilicho mbele yangu, angependekeza kwa mkuu wa shule nihamishiwe mchepuo wa Historia kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa.

"Huko watakupenda," akasema. "Huko hakuna chura."

Lazima nieleze kwa nini maneno hayo yalinikosesha usingizi. Mbaha yote ilikwisha kuniita daktari. Mama hakusema uongo kamwe; alikuwa ametangaza tu, kila alipokwenda kisimani, kwamba mwanawe anasoma miili. Likizo iliyotangulia, watu wazima wenye heshima zao walikuwa wamenisimamisha njiani na kunionyesha majipu. Bibi mmoja alifungua kinywa chake mbele ya kanisa ili nimwambie ni jino lipi. Nilikuwa nimelitaja moja, kwa ujasiri, na nilisikia baadaye kwamba lilikuwa jino zima. Kuondolewa Biolojia kungekuwa kurudi kijijini kuwaeleza watu hao kwamba sasa nasoma habari za vita vya wafalme wa mbali. Isitoshe, na hili sikumwambia mtu, nilikipenda kitabu kile. Nilikipenda kuliko wanyama waliokuwa ndani yake.

Basi nikafanya jambo ambalo mtu mwenye hofu hulifanya: nikajitolea. Mwalimu alipouliza darasani samaki watapatikana wapi, maana mito ya milimani haikuwa na kitu cha kupasua, nilisimama na kusema kwamba ningewaleta kutoka ziwani, magege, hao jamaa wa perege, kwa ajili yangu na kwa yeyote atakayekosa. Nilisema kana kwamba ziwa lilikuwa la ukoo wetu. Mwalimu alinitazama. "Wazima," akasema. "Na matumbo yao. Tumbo ndilo somo."

Nyumbani nilikuta tatizo la kwanza. Dawa ya kuhifadhia vielelezo haikuwapo shuleni, seuze Mbaha. Barafu ilikuwa Mbamba Bay, kwa mtu mmoja, siku jenereta lilipotaka. Nililichambua jambo hili kwa siku kadhaa, nikakataa chumvi kwa sababu ingeharibu rangi ya ini, nikakataa jua kwa sababu zilizojaza daftari, mwishowe nikafikia hitimisho ambalo hadi leo sioni kasoro yake kisayansi: kinachohifadhi mwili ni kileo kikali, na kileo kikali kinachopatikana kijijini ni gongo.

Kasoro yake haikuwa ya kisayansi. Kijana wa Kidato cha Tano, mtumishi wa zamani wa altareni, alionekana mchana kweupe akienda kwa jirani aliyejulikana kwa biashara hiyo na kurudi na chupa. Kesho yake alionekana tena, kwa kuwa chupa za kwanza hazikutosha kufunika samaki. Alipoulizwa na mwalimu wa kwaya alikokuwa akipeleka chupa hizo, alijibu kwamba hazikuwa za kunywa, zilikuwa za utafiti. Nadhani jibu hilo lilisambaa hadi Liuli kabla sijafika mlangoni.

Mama alinikuta nikimimina. Nilikuwa nimepata ndoo nzuri ya plastiki yenye kifuniko, ya mafuta ya kula yaliyokuwa yameanza kuletwa na wafanyabiashara kutoka nje, na ndani yake niliwalaza magege kwa mpangilio, vichwa upande mmoja. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mwiko.

"Baba," aliniambia, kama alivyoniita tangu nikiwa mchanga, "umeanza lini?"

Nilimwambia kwamba si mimi ninayekunywa, ni samaki. Nilipoona uso wake, nikaona ni vyema nieleze kwa urefu. Nilimweleza habari za kuoza, na vijidudu, na jinsi kileo kinavyofyonza maji katika nyama. Nilimweleza kwamba mwalimu anataka samaki wakiwa na matumbo yao. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, nami sikujua. Nilidhani nimemaliza hoja. Kumbe nilikuwa nimemwongezea aibu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Kwetu samaki anayekwenda kwa mtu wa heshima hapelekwi na uchafu wake. Hupasuliwa, husafishwa, hupitishwa moshini juu ya kichanja mpaka awe na rangi ya chai ya rangi, na kichwa chake hakiguswi, maana kichwa ni cha yule anayepewa. Kumpelekea mtu samaki na matumbo ni kama kumwambia: nimevua, sasa wewe nisafishie. Na huyu hakuwa mtu yeyote tu. Alikuwa mwalimu wa mwanawe, mgeni katika nchi yetu, Mwislamu, na samaki wenyewe walikuwa wakiogelea katika gongo. Mama hakubishana nami. Aliuliza swali moja tu, kama mwalimu ana mke. Nilimwambia mkewe yuko Tanga. Akatikisa kichwa kwa huruma, akarudi jikoni, nami nikajipongeza kwa uwezo wangu wa kufafanua.

Asubuhi ya safari nilikuta ndoo imefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Nilimshukuru kwa kunisaidia. Nilipoinyanyua, niliona kwamba ilikuwa nyepesi. Hapa naomba msomaji anisindikize polepole, kwa sababu hapa ndipo kipaji changu chote kilipodhihirika. Ndoo ilikuwa nyepesi. Mtu mwingine angeifungua. Mimi nilikumbuka kwamba kileo huyeyuka kuwa mvuke kwa urahisi, nikaridhika. Nilipoitikisa, hakukuwa na sauti ya maji ndani. Nikakumbuka kwamba nyama hufyonza. Ndani ya boti kuelekea Mbamba Bay nilisikia harufu ya moshi, nikahitimisha kwamba injini ina tatizo. Ndani ya lori lililopanda milima kwenda Mbinga nilisikia harufu ya samaki wa kukaushwa, lakini tulikuwa tumekaa juu ya magunia ya dagaa, na hoja hiyo haikuhitaji hata kufikiriwa.

Mama mmoja aliyekaa karibu nami juu ya magunia aliniuliza humo ndooni mna nini. Nilimweleza kwamba mlikuwa na vielelezo vya kibiolojia vilivyohifadhiwa katika kimiminika, na kwamba kifuniko kisifunguliwe kwa hali yoyote ile, kwa sababu hewa ikiingia, kazi yote ingeharibika. Alisogea mbali kidogo. Barabara ilikuwa ya utelezi, na kila lori lilipokwama tukashuka kusukuma, mimi nilisukuma kwa mkono mmoja, ndoo ikiwa kwenye mkono wa pili, hadi utingo akaniuliza kama nimebeba mtoto.

Siku ya jaribio, darasa zima lilikuwa maabarani. Wale ambao hawakuwa na imani na ahadi yangu, na ndio waliokuwa wengi, walikuwa wamejiletea panya na vyura wao. Niliweka ndoo juu ya meza ya mwalimu na kukata kamba kwa wembe, taratibu, kama ninayefungua mwili. Mwalimu aliinua kifuniko.

Juu kabisa kulikuwa na kitambaa cheupe kilichofumwa kwa uzi mwekundu pembeni, kile ambacho mama hufunikia chakula cha padre anapotutembelea. Mwalimu alikikunja vizuri akakiweka pembeni. Chini yake walikuwapo magege, wamepangwa juu ya majani makavu ya mgomba, wekundu, wanang'aa mafuta, wamepasuliwa tumboni kwa mkato mmoja ulionyooka na kusafishwa mpaka mbavu zikaonekana. Harufu ilijaza maabara. Ilikuwa karibu saa ya chakula cha mchana, na chakula chetu kilikuwa maharage tangu muhula uanze.

"Mnyasa," alinong'ona mwenzangu wa Ukata, kwa jina walilotuita sisi wa ziwani, kutoka ndani ya koti lake la ngozi, "ugali tusonge wangapi?"

Mwalimu hakucheka. Aliinua samaki mmoja, akamgeuza, akachungulia mahali ambapo tumbo lilipaswa kuwa.

"Hawa ndio wazima?"

"Walikuwa wazima, mwalimu."

"Hata nyama ya bucha ilikuwa ng'ombe mzima. Ulifungua ndoo hii lini mara ya mwisho?"

Nilimwambia sijaifungua tangu ziwani. Niliogopa hewa.

Alinitazama kwa namna ambayo nimekuja kuiona tena mwezi uliopita, kwenye uso wa mwenyekiti wa jopo. Kisha akatangaza kwamba jaribio ni jaribio, kila mmoja atafanya kazi kwa kile alichokileta, na mimi nilikuwa nimeleta kitoweo, kwa hiyo ningepasua kitoweo. Akaniwekea samaki yule kwenye sinia la nta, mbele yangu, akaondoka.

Pini hazikumwingia. Zilipinda. Samaki alikaa tu juu ya nta ya mishumaa, mkavu, mtulivu kuliko mimi. Nikachukua penseli, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukaanza kuchora ini. Ini la kitabuni lilitoka vizuri. Nikachora tumbo, nikachora utumbo uliojikunja kama nilivyoujua, na ilikuwa kazi nzuri, ambayo mwalimu mwingine yeyote angeipa maksi. Nilipoinua macho kulinganisha, niliona mbavu. Hakukuwa na ini. Hakukuwa na kitu chochote cha yale niliyoyachora. Mama yangu alikuwa ametoa vyote kwa kisu cha jikoni, kwa heshima, ili nisiaibike.

Nakumbuka kwamba nilikaa pale muda mrefu nikitazama shimo lile, kwa maana halisi ya neno kutazama, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Kwa mara ya kwanza kitabu hakikuwa na ukurasa unaonihusu. Hakuna mwandishi aliyewahi kuchora samaki wa Mbaha baada ya kupita mikononi mwa mama yangu. Nikachukua kifutio nikafuta ini, nikafuta tumbo, nikafuta utumbo, mpaka karatasi ikachubuka. Nikachora mbavu. Nikachora mstari mweusi uliobaki chini ya uti wa mgongo, ambao mkono wa mama haukuufikia, na nikauandika kuwa figo kwa sababu ulikuwa pale. Nikachora utando uliopasuka wa kibofu cha hewa. Katikati nikaacha wazi na kuandika: hamna kitu.

Muda ulikuwa umebaki, kwa kuwa kuchora hamna kitu hakuchukui muda. Nikahamia kichwani, ambako mama hakugusa. Nilifungua kifuniko cha shavu, nikachora matamvua ya kupumulia. Kisha nikaingiza ncha ya wembe mdomoni na kuusukuma hadi ukafunguka kwa mlio. Ndani yake, wamebanana, wakavu kama mbegu za mchicha zilizoota macho, mlikuwa na samaki wadogo.

Msomaji wa pwani ya ziwa letu hatashangaa. Kila mtoto wa Mbaha aliyewahi kushika magege jike anajua kwamba hulea watoto wake mdomoni. Tulikuwa tukiwabana taya ili watoke, tukacheza nao majini hadi tukakaripiwa. Nililijua jambo hilo kabla sijajua kusoma. Na kwa hiyo, nikiwa nimetoka tu kufuta ini langu, niliingiwa na hofu mpya. Hili nalo nalijua, nikajiambia, je, naliona? Ninachokiona ni samaki wadogo ndani ya mdomo wa samaki mkubwa. Sijaona akiwalea. Sijaona hata kama ni wake. Nikaandika kando ya mchoro, kwa mwandiko wangu bora, kwamba samaki wadogo wamo mdomoni, hawajatafunwa, na kwamba sababu ya kuwamo kwao haikuweza kubainika kwa mtahiniwa.

Mwalimu alinirudishia karatasi ile ofisini, mlango ukiwa wazi na kuku wake wakipita nje. Alikuwa ameweka kidole juu ya sentensi hiyo.

"Huko kwenu ziwani hamjui kwa nini wamo?"

"Tunajua, mwalimu. Magege hulea watoto mdomoni. Kila mtu anajua."

"Mbona hukuandika?"

"Sikuona akiwalea, mwalimu. Ulituagiza tuchore tunachokiona."

Alivua miwani. Nilidhani amekasirika, mpaka mabega yake yalipoanza kutikisika. Alicheka bila sauti, kwa muda mrefu, mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwona akitabasamu, akajifuta macho kwa kona ya shati, akaitazama karatasi, akacheka tena.

"Kijana," akasema alipopata pumzi, "wewe ni mgonjwa, na ugonjwa wako sina dawa yake. Lakini utabaki. Tumbo tupu umelichora tupu. Nina watu kumi na tano humu ambao wangelijaza."

Maksi zenyewe zilikuwa chache, za kunitosha tu kuvuka. Jina langu lilipelekwa pamoja na ya wenzangu. Magege waliobaki aliniomba awachukue, na jioni ile harufu yao ilitoka nyumbani kwake ikatembelea mabweni yote, huku mwenzangu wa Ukata akinilaumu kwamba nimeupoteza utajiri wa taifa. Mwalimu alinirudishia kitambaa kimefuliwa na kupigwa pasi, na salamu kwa mama, kwamba samaki amefika na amesifika.

Salamu hizo nilizifikisha, na hapo nikafanya kosa ambalo matokeo yake yangali yananifuata. Nilimwambia mama kwamba mwalimu alikuwa karibu kunihamisha, na baada ya samaki hakunihamisha. Nilikusudia kumweleza mfuatano wa matukio. Yeye alielewa sababu. Kila muhula baada ya ule nilipanda Mbinga na ndoo, na nilipochaguliwa kwenda chuo kikuu, Mbaha nzima ilijua ni nani aliyefaulu mtihani, na hakuwa mimi. Nimejaribu mara nyingi kumfafanulia tofauti kati ya kutangulia na kusababisha. Hunisikiliza vizuri sana.

Niliporudi safari hii, nikiwa nimekonda na nikizungumza peke yangu kibarazani, hakuniuliza juu ya tasnifu kwa siku kadhaa. Kisha asubuhi moja, akiwa anachambua mchele, aliuliza hao maprofesa niliwapelekea nini.

"Sikuwapelekea kitu, mama."

Alisimamisha ungo. Alitazama kichanja kilichokuwa kitupu nyuma ya jiko, akanitazama mimi, na nikaona kwamba kwake jambo lote lilikuwa limeeleweka.

Nilimweleza kuhusu maadili ya mitihani. Nilimweleza kwamba zawadi kwa mtahini yaweza kutafsiriwa kuwa rushwa, hasa nyakati hizi. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kufungwa kwa sababu ya samaki wa kukaushwa, nami, kwa kuwa ni mtu makini, nilikiri kwamba sina taarifa. Kwa hiyo nimekubaliana naye kwamba nitawapa baada ya uamuzi, uwe wowote, na yeye amekubaliana nami kwa namna ile ile aliyokubaliana kuhusu gongo.

Jana nilifika Mbamba Bay kwa boti, sasa nasubiri gari la kupanda Mbinga na kuendelea. Jopo linakaa wiki ijayo. Sura ya pili nimeikata kweli, usiku wa kuamkia safari, kurasa zote zinazohusu maana ya kuona. Zimebaki zile zinazomhusu mnyoo. Ndoo iko kati ya miguu yangu, imefungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Asubuhi hii, kabla ya kufanya lolote, nimekata kamba na kufungua kifuniko. Nimeinua kitambaa. Nimefungua hata mdomo wa yule wa juu. Kisha nimefunga.

Kwenye benchi tunaposubiria gari, mama mmoja mwenye furushi la mihogo alisogea kunipisha, akaitazama ndoo.

"Humo mna nini, baba?"

"Samaki," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mihogo yake.